Gati la Nyapara Mikaeli

Poli, Meru
Novemba 1936

Kwa kaka Mikaeli,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ya umri wako tu, si kwa jingine. Sisi huku hatujambo, ila mama anakohoa kidogo kwa baridi, na kahawa imeiva kuliko mikono tuliyo nayo. Wewe najua hujambo. Mtu wa aina yako haugui.

Barua yako tumeisoma sote, ile ndefu ya historia ya gati la Tanga. Eti Mjerumani alijenga ukuta, Mwingereza akaleta winchi, na tangu wewe uwe nyapara hakuna meli iliyochelewa. Lo! Baba alicheka mpaka akaweka kibuyu chini. Mbona waliobeba hukuwaandika? Kahawa ya mlima huu ilishuka kwenye treni kwa migongo yetu sisi vijana wa hapa tuliokuwa makuli wako, ikaingia matishari kwa migongo yetu, maana meli kubwa zilikaa mbali majini. Hiyo winchi unayoisifu ilikuwa mbovu kila tulipoihitaji.

Na Anaeli je? Mtoto wa shangazi Ruth, uliyemtoa hapa kwa mdomo wako mtamu, akabanwa kati ya tishari na ukuta, akafa mchana kweupe. Wewe ukapuliza filimbi kazi iendelee! Tulipoweka magunia chini, ukakimbilia kwa bwana wako kututaja, jina langu likitangulia, tukafukuzwa. Kisha ukamtumia shangazi blanketi na sukari. Blanketi, Mikaeli! Anamfunika mbuzi wake nalo.

Sasa unauliza kama utapokelewa Krismasi. Nilikwisha kuandika kwamba usikanyage hapa, barua nikaichana leo asubuhi. Shangazi Ruth alikuja na jani la sale, amelikata mwenyewe mpakani mwa kihamba chake, shamba lake la migomba. Akaniagiza nilitie ndani ya barua, ulishike mkononi utakapokuja kumwomba msamaha. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia sale hutafutwa na mkosaji, tangu lini aliyefiwa akamkatia? Akanijibu kwamba huko pwani masale hayaoti, na kwamba yeye ni mzee, hawezi kungoja mpaka wewe upate akili.

Basi limo humu. Limekauka kidogo pembeni. Mimi sijakusamehe, na ukija mikono mitupu, rudi na treni ileile.

Mama anakusalimu. Baba ametoka kwenda kuchuma kahawa.

Mdogo wako,
Sumari