Mtu Mzima Akikimbia Mwabungo

Jumatatu, 1 Septemba
Nimempa Dada Mwanasiti uji, nimemfuta mdomo, nimemgeuza ubavu. Kisha nikavaa raba. Leo siku ya kwanza ya kukimbia. Mbio nne, kila moja sekunde ishirini, katikati natembea mpaka pumzi irudi. Walinipima moyo kwanza kule kliniki Msambweni. Yule msichana wa mazoezi ya viungo akasema nikimbie kana kwamba nafukuzwa na mbwa.

Nikakimbia. Aibu iliyonipata! Huku kwetu mtu mzima hakimbii. Akikimbia, kuna msiba. Mbio ya pili haijaisha, jirani yangu Mishi katoka na leso kiunoni, nyuma yake wanawake watatu, mmoja ameshaanza kulia. Wakauliza ni nani. Nikasema si mtu, ni presha.

"Presha yako ndiyo utuulie sisi?" Mishi akasema. Akanitukana mpaka mlangoni kwangu.

Jumatano, 3 Septemba
Nimekimbilia nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho, nisionekane. Mapaja yanauma. Miaka thelathini nimekaa kwenye cherehani.

Sababu naiandika nisije nikajidanganya. Dada alikuwa na presha kama yangu. Akaipuuza. Kiharusi kikamchukua upande wa kulia na ulimi. Mwaka wa nne huu. Hana mume, hana mtoto, ana mimi. Nikianguka, nani atamgeuza? Kifo chenyewe sikiogopi. Naogopa kumtangulia Dada. Hilo tu.

Ijumaa, 5 Septemba
Mbio tatu. Ya nne nimetapika.

Jumatatu, 15 Septemba
Mishi hukaa na Dada nikienda mbioni. Amenikataza mikorosho. Anasema nikizimia kule nitaliwa na siafu kabla hajanipata. Basi nimerudi barabarani. Hakuna anayetoka tena. Muuza mahamri ananihesabia ishirini, nami nina hakika anafika thelathini. Anafurahi mno yule.

Jumatano, 1 Oktoba
Kliniki. Presha imeshuka. Si sana, na dawa naendelea nazo, lakini imeshuka. Msichana amenieleza: damu ikienda kasi husugua kuta za mishipa, na mishipa huzoea kupanuka. Ukikaa tu, inakakamaa. Nikaelewa mara moja. Ulastiki usiovutwa hukauka ndani ya boksi, ukiuvuta unakatika. Amecheka, akasema si hivyo hasa, lakini mfano wangu ameukubali.

Nimerudi nimefurahi. Nikaushika mkono wa Dada. Baridi. Furaha ikaniisha. Yeye alipewa vidonge, akaviweka kabatini, na mimi niliyekuwa nalala chumba cha pili sikumuuliza hata siku moja kama anameza. Nilikuwa na nguo za watu za Idi za kushona. Sijawahi kuliandika hili.

Alhamisi, 9 Oktoba
Dada hali chakula, siku ya tatu. Daktari amekuja, amemsikiliza kifua, akasema tumwache nyumbani, tumsomee. Jana sikukimbia. Leo nikasema siendi tena, mbio gani mtu yuko hivi. Mishi kanitoa nje kwa mikono. Nimekimbia mbili, nikarudi. Dada alikuwa macho. Alizitazama raba zangu kwa muda mrefu, kisha upande wa kushoto wa mdomo ukacheka. Nikamwambia nilivyohangaika siku ile ya kwanza, wanawake na leso zao. Akacheka tena. Nilimwomba radhi kuhusu vidonge. Sijui kama alinisikia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Dada amefariki, baada tu ya sala ya Alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Nimemfumba macho, nimemfunga kidevu kwa kitambaa cheupe, nikatoka kwenda kwa Mishi.

Jumatatu ni siku ya mbio. Nilitembea. Muuza mahamri akaniona natembea, akaipua karai lake. Mishi alikuwa ameshatoka, leso kiunoni, sijafika hata nusu ya njia. Hakuna aliyeuliza ni nani.

Tumemzika baada ya Adhuhuri.

Jumatatu, 20 Oktoba
Wageni wa mwisho wameondoka jana. Nimeshona gauni moja tu, kola nimeiweka kinyume, nimefumua. Nyumba kimya. Mara mbili nimeinuka kwenda kumgeuza.

Alasiri nimevaa raba. Nilidhani miguu itakataa. Mbio nne zote. Pumzi ilirudi upesi, upesi kuliko nilivyotaka. Nikasimama barabarani nikaona: lile nililoliogopa halikutokea. Sikumtangulia. Nilimwomba Mungu jambo moja, kanipa, nami silijui la kuomba sasa.

Nimeoga. Nimemeza dawa.