Blanketi Lililoamsha Jengo Zima

Dada Safinaz,

Maharage ya ful yako jikoni, moto mdogo. Usiongeze chumvi, unajijua. Nimekwenda kazini kushona mapazia. ~~Msinisubiri kula.~~ Nisubirini, nitakuwa na njaa.

Ukisikia kwa majirani kwamba nimetoroka, si kweli. Asubuhi, ukiwa sokoni, nilitoka kulitupa lile blanketi nililolalia stesheni ya Ramsis enzi za vidonge vya kulevya, baada ya kumzika mume wangu Nabil. Mama Hani akaniona nalo begani, akapiga kelele kutoka roshani: "Jamani, Inshirah anarudi barabarani! Mshikeni!"

Bawabu akafunga geti. Mwalimu wa ghorofa ya tatu akashuka na povu la kunyolea ndevu usoni. Mama Hani akaning'ang'ania mkono: "Huendi popote, mwanangu, chai iko tayari!"

"Niacheni, naenda jalalani!" nikasema. Ndiyo kwanza wakaangua kilio.

Walipoelewa, tukaenda kulitupa wote, kwa vigelegele, kama tunasindikiza bibi harusi. Nimechelewa kazini. Lakini Safinaz, mara ile nilipoondoka hapa, hakuna aliyefungua hata dirisha. Leo wameshuka mbio, kandambili miguuni.

Mdogo wako,
Inshirah