Kadi za Sura Tatu

4 Machi

Dada,
Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kusimama kiwandani. Hamjambo huko?

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Jumapili nimeongea na Kasuku wangu. Mtoto niliyekuachia akiongea mpaka usingizini, sasa ananijibu "ndiyo" na "hapana" basi. Umemfanya nini mwanangu?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Sisi wazima. Pole na mgongo.

Usinipandishie sauti kwenye karatasi. Darasani kwangu watoto wanapimana wenyewe kuzungumza Kiingereza. Mmoja anaeleza picha, wenzake wanainua kadi: sura inayocheka, iliyonuna, au ya katikati. Mimi nahesabu, nabandika matokeo ukutani. Kasuku alipata zilizonuna ishirini na tisa. Sitampendelea eti kwa kuwa ni wetu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe umemzoesha sifa.

Dada yako

13 Machi

Dada,
Shikamoo. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Ishirini na tisa! Kwani alisema nini siku hiyo? Umenieleza kadi zote, maneno ya mtoto hukuniambia hata moja. Jumamosi ya tarehe 22 nakuja kumchukua.

Mdogo wako

18 Machi

Mdogo wangu,
Marahaba. Tu wazima, mgongo sijui umeamkaje.

Swali lako limenichoma. Sikumsikia. Nilikuwa nahesabu kadi. Nikawauliza watoto, kumbe wa nyuma nao hawakusikia kitu, waliinua iliyonuna kwa kuwa wa mbele wameinua.

Jana nikabandua karatasi ukutani, nikaeleza picha mimi, nikawaambia wanipime. Darasa zima likaniinulia inayocheka. Nani atathubutu kumnunia mwalimu? Kasuku peke yake aliinua iliyonuna. Nikamuuliza sababu. Akasimama akajibu kwa Kiingereza, sentensi nzima, kwamba mimi naongea vizuri, lakini alipoongea yeye sikumtazama.

Nililia mbele ya darasa, mdogo wangu. Nikamwomba radhi.

Njoo Jumamosi. Begi lake nimelifunga kama ulivyotaka. Kuondoka au kubaki, muulize mwenyewe. Mimi nitakaa pembeni nisikilize.

Dada yako