Dawa Uliyoipuliza Kwenye Ndoo Yangu

Kaka,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitufundisha kusalimia hata tukiwa tumenuna. Nasikia mgongo unaendelea vizuri, na kwamba huko nyumbani unakula na kulala. Sina shaka, hayo mawili hayajawahi kukushinda. Mimi mwili mzima. Moyo usiniulize.

Ulipofika hapa ulisema unapita tu, unatafuta kazi. Nilifurahi, sikufichi. Nilikutandikia godoro, nikakueleza taratibu za chumba: maji ya kuoga tunayakinga kwenye beseni, ndiyo ya kumwagia choo, maji ya kuoshea mboga ni ya mchicha wangu kwenye magunia nje ya dirisha, maganda na mabaki yanaingia kwenye ndoo ya nyungunyungu chini ya meza, yawe mboji. Nikakwambia huo si ubahili. Ndiyo kazi yangu ya kumalizia masomo ya sayansi ya mazingira, kuonyesha kwamba mtu anaweza kuishi chumba cha kupanga bila kuchafua wala kufuja, na mhadhiri atakuja kukagua kwa macho yake. Ukaitikia kwa kichwa. Kumbe kichwa kilikuwa kinaitikia muziki wa kwenye simu.

Kupita kukawa kukaa muhula mzima. Bomba linamwagika, wewe unapiga mswaki na soga. Taa zinawaka mchana kutwa. Rafiki zako wakaniita Mama Minyoo, nawe ukacheka kuliko wao. Nilipokuomba kwa upole, ulinijibu kwamba nimesomeshwa ili nitoke kwenye dhiki, siyo nirudi kuisomea. Hilo liliniuma, Kaka. Mimi na wewe tumekua tukigombania ndoo moja ya maji. Nilidhani wewe ndiye ungenielewa wa kwanza.

Haikutosha. Ukampigia mama simu, ukamwambia nafuga minyoo na akili zimeniruka. Mama akalia, akamwomba shangazi aje kuniangalia kama bado najitambua.

Kabla shangazi hajafika, ukafanya lile. Ulikuwa na mgeni wako wa kike, ukaionea haya ile ndoo, ukapuliza dawa ya mbu humo ndani mpaka kopo likaisha. Mimi nikaingia na mhadhiri, nimejaa majivuno, nikafunua kifuniko mbele yake. Nyungunyungu wote walikuwa wamekufa. Harufu ya dawa ilitupanda puani sote wawili. Wewe ulikuwa umejilaza, ukasema bila hata kuinua shingo, "Si minyoo tu? Utaokota wengine."

Mhadhiri hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alikutazama wewe, akanitazama mimi, akaniuliza nitaushawishije mji mzima ikiwa nimeshindwa na mtu mmoja ninayekula naye sahani moja. Amenifelisha. Muhula narudia, wenzangu wanavaa majoho.

Hukuniomba radhi. Ulifunga begi ukaenda nyumbani kuuguza mgongo uliosema unakuuma, ukaagiza nisimpe mtu godoro lako.

Shangazi alinikuta napiga deki huku nalia. Nilimweleza yote, akanusa ile ndoo, akakunja uso. Akaniuliza kwa nini nimeishi na mtu anayenidharau ndani ya chumba changu mwenyewe. Nikamjibu, "Ni kaka yangu."

Akasema, "Na wewe ni nani wake?"

Kesho yake nikaanza kufunga vitu vyangu. Kwa hiyo, Kaka, nasikia unajiandaa kurudi. Usijisumbue. Chumba nimemrudishia mwenye nyumba, na sasa humo anakaa fundi cherehani na mkewe. Godoro lako liko kwa mlinzi wa geti, ameahidi kukutunzia mpaka atakapochoka. Mimi nimehamia kwa shangazi. Yeye naye anamwaga mafuta ya kukaangia kwenye sinki, tunazozana karibu kila asubuhi, ila akishakosea ananiuliza afanyeje. Ndoo mpya iko jikoni kwake, na mhadhiri amenikubalia nianze upya hapa, nyumba nzima ikiwemo. Shangazi ndiye aliyempigia mama kumweleza ukweli. Kama mama haongei nawe siku hizi, sasa unajua sababu.

Na la mwisho, ambalo nimelimeza muda mrefu: siku ile sikulilia nyungunyungu wala mtihani. Nililia kwa sababu ulinijua, ulijua ninachokitaka maishani, na bado hukuinua shingo. Hilo siwezi kulisamehe kwa sasa, na sitajifanya nimelisamehe. Usinipigie. Ukiwa na neno la kuniambia, liandike, nitalisoma nikitaka.

Wasalimie baba na wadogo zetu. Mama nitaongea naye mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako, ambaye bado nina hasira.