Pembe ya Bwana Meneja

Jumatatu, 1 Machi 1954
Meneja mpya wa hoteli kaanza na filimbi. Anapuliza, tunakimbia. Mchana supu ilizidi chumvi — akamwita mzee Hezroni, mpishi wetu, akamgombeza mbele ya wageni wa treni. Bwana Harisi, meneja aliyeondoka, angewaambia wageni kosa ni lake mwenyewe, halafu angekuja jikoni kuuliza. Kwa yule tulipiga pasi mashuka bila kutumwa. Kwa huyu nimefuta meza anazoziona tu.

Jumatano, 3 Machi
Mfereji umezibwa na tope huko juu. Hoteli haina maji, na Jumamosi wageni wanajaa! Meneja kasikia kwamba Wapare pembe ikilia hutoka kwenda msaragambo, kazi ya wote, bila ujira. Kafurahi kama aliyeokota mbuzi. Keshokutwa ataipiga. Hezroni kamwambia kwa adabu: mwenye kupiga pembe ndiye hutangulia na jembe. Meneja kacheka — kadhani utani. Kasema maji yasipofika Ijumaa, Hezroni arudi kwao mlimani. Mzee ana watoto wawili shuleni. Kaenda kumenya viazi.

Alhamisi, 4 Machi
Mama Honorata wa kufua anauliza, twende au tugome? Nimesema twende, mapema, na majembe makali. Pembe haikaidiwi. Mengine yatajisema yenyewe.

Ijumaa, 5 Machi
Pembe imelia alfajiri. Ng'ombe anayezaa hulia vizuri zaidi. Tumetoka wote — na majirani! Meneja hakujua kwamba pembe haichagui masikio.

Kakaa ukingoni mwa mfereji kwenye kiti cha kukunja, mwavuli juu. "Anzeni!"

Hakuna jembe lililoinuka.

"Tunakungoja, Bwana," kasema Mama Honorata.

"Mimi?"

"Kwani pembe ya nani?"

Babu mmoja jirani kauliza kwa sauti iwapo mwenye pembe anaumwa, tumpe pole. Kicheko! Meneja kawa mwekundu, kamgeukia Hezroni: kazi huna!

"Haya, Bwana. Basi nimekuja kama jirani."

Hakuondoka. Wala sisi.

Jua limepanda, naandika huku nimekaa ukingoni. Wageni ni kesho. Tope liko palepale. Sina wasiwasi: akianza yeye, kabla ya adhuhuri maji yatakuwa jikoni. Tukianza sisi, tumekwisha: ataipiga kila siku.

Meneja kasimama. Kavua saa, kaitia mfukoni. Hezroni kamnyooshea jembe, mpini mbele. Watu wamenyanyuka, mimi pia, naandika nimesimama.

Mkono wa Meneja umefika nusu ya njia —