Mama Priska na Sanduku la Vifaranga

Nakuru, Jumapili

Mke wangu mpendwa, Mama Mwakio,

Nawasalimu sana, wewe na watoto. Je, kifua cha mama kimepata nafuu? Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi ya Molo, ambako siku hizi naenda kila Jumamosi. Sababu yake ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Nilikuandikia kwamba vifaranga wa huku juu hufa kwa baridi, nami nimeunda sanduku la mbao na bati, lenye taa ya chemli chini, wapate joto. Sikukwambia kwamba niliacha kazi yangu ya karakana ili nilitengeneze. Nisamehe. Nilidhani nitapata upesi mtu wa kutia fedha zake, kabla hujajua.

Nilimwendea mzee mmoja mwenye duka la nguo hapa mjini, nimevaa koti la kuazima. Nikamwambia kila boma la Molo litataka sanduku langu, tutatajirika. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umeuza ngapi?"

"Bado, mzee."

"Nani amelitumia?"

Nikaanza kufunga vifungo vya koti lile la kuazima. Akarudia kupima kitambaa chake. Nilitoka na aibu, maana hakunitukana. Aliniuliza tu mambo niliyopaswa kujiuliza mwenyewe.

Basi nikadandia lori la viazi lililokuwa likirudi tupu Molo, nikamwachia sanduku Mama Chebet, mke wa mkamuaji ng'ombe wa huko, ili alijaribu bila malipo. Jumamosi iliyofuata nilikuta vifaranga wake wote wamekufa. Ni moshi wa taa. Hakunigombeza, alinionyesha tu mahali alipowafukia. Siku hiyo nilitamani kurudi Taita kwa miguu.

Ndipo nikakumbuka ulivyonionyesha kwamba kuku hufunika vifaranga wake, lakini vichwa vyao huchungulia nje wavute hewa. Nikaifungia taa ndani ya bati lake peke yake, moshi nikautoa kwa bomba, juu nikatoboa matundu. Mshahara wangu wa mwisho ulikwisha kwa kumnunulia Mama Chebet vifaranga wengine. Akakubali kujaribu tena, Mungu ambariki. Hawa wakaishi, isipokuwa wawili. Majirani zake watatu wakaagiza masanduku yao, nami sina hata ubao mmoja.

Habari zikamfikia Mama Priska, mjane anayenunua viazi vya Molo na kuvipeleka Nakuru kwa malori yake. Aliniita kwenye stoo yake ya Molo, nikamkuta amekalia gunia.

"Ni wewe fundi wa vifaranga?"

"Ndiyo, mama."

"Niambie kwanza hiyo sanduku iliharibika wapi."

Nilitaka kuficha, nikashindwa. Nikamweleza yote: moshi, wale waliofukiwa, na wale wawili wa mwisho. Akacheka sana.

"Watu wanakuja hapa na faida mdomoni. Wewe umekuja na maiti!"

Nikamwomba anikopeshe. Akatikisa kichwa.

"Mkopo utakufanya unikimbie barabarani. Mimi nitanunua mbao na bati, na lori zangu zitabeba. Kila sanduku ikiuzwa, tunagawana. Ikianguka, tumeanguka sisi wote."

Mke wangu, nikampa mkono papo hapo. Lakini alikuwa bado hajamaliza.

"Wewe unajua bati. Kuku wanajulikana na nani?"

"Na mke wangu. Yuko Taita."

"Basi mwite. Watu wakinunua sanduku watataka mtu wa kuwafundisha kulea. Hapa nyuma ya stoo kuna nyumba ya vyumba viwili."

Sikumwahidi. Shamba unalilima wewe, na mama anakutegemea. Nilikuficha jambo moja, sitaki kukuamulia la pili. Nijibu kwa maneno yako mwenyewe. Nitamsomea kama yalivyo, hata ukikataa.

Nisalimie mama, shemeji yangu fundi cherehani, na shangazi anayetuchungia mbuzi. Mwalimu wa shule ya Jumapili anayekusomea barua hizi mwambie ahsante, na asiruke pale nilipoomba msamaha.

Ile nyumba nimeshaifagia. Nimeziba na ufa wa dirisha, kwa sababu Molo ni baridi kwa watoto.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwakio