Mlango Unawajua Wenyewe

Baba Tumaini,

Mdogo wako alikuja jana. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, ndipo akasema kwamba unarudi Krismasi, na kwamba ukoo unanitaka niandae chumba na nisikuulize maswali mbele ya watoto. Nikamuuliza kama ulipoteza njia au ulipoteza namba yangu. Akajiongezea chai. Jibu nimeona niliandike, na atakayelisoma asome tu, maana hapa Mlowo hakuna asiyejua ulivyoondoka.

Nianze na mlango. Uliupachika mwenyewe, siku ile niliposema tumwite fundi ukanitazama kama niliyekutukana. "Mwanaume yupo ndani, fundi wa nini?" Mwanaume alikuwepo, sikatai. Mlango ukakaa upande. Mvua zilipoanza mbao ikavimba, ikawa kuingia kwetu lazima mtu anyanyue kitasa, asukume kwa goti, amalizie kwa bega. Badala ya kuona haya ukaona umevumbua kitu. Ukawa unawaambia wageni, kifua mbele, "Mlango huu unawajua wenyewe. Mwizi haufungui ng'o!" Mwizi angefuata nini, Baba Tumaini? Koki uliyoifunga kwa mpira wa baiskeli? Kitanda ulichokifunga kwa mpira wa baiskeli? Au bati la jikoni, lililokuwa halina hata msumari, limekandamizwa kwa mawe tu?

Halafu choo. Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Igamba, akaingia chooni, komeo lako likakataa kufunguka. Kwa mila zetu wewe na mama mkwe wako hamkutakiwa kukutana uso kwa uso wala kusemeshana, basi ukajificha nyuma ya jiko ukawa unatoa maelekezo kupitia kwangu, na mama anakusikia kila neno.

"Mwambie mama anyanyue komeo, halafu avute kwake."

"Mwambie nimenyanyua mpaka mkono umekufa ganzi. Aje afungue."

"Mwambie siwezi kuja, namheshimu."

"Mwambie heshima yake naisikia humu ndani, inanuka."

Mwisho mama aliung'oa mlango mzima akatoka nao mkononi, na wewe ukatimka ukajitosa kwenye mahindi, ukakaa humo mpaka alipokwenda kulala. Ulirudi kwangu na mbelewele kichwani, unacheka. Nilikuketisha nikakutoa mbelewele zile kwenye nywele, huku na mimi nacheka mpaka machozi. Nilikupenda, hilo silifichi. Ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Baadaye ukaanza safari za Tunduma. Ukavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, mara kadhaa, ukirudi unanisalimia kwa Kibemba, "Mulishani", kama mimi ni mteja wako. Safari ya mwisho ulisema unafuata mzigo, kesho kutwa upo nyumbani. Ukabeba redio na shuka jipya. Mtu anayerudi kesho kutwa habebi shuka! Niliona, na bado nikakufungia mihogo ya njiani. Nasikia huko ng'ambo una nyumba nyingine. Namwonea huruma mwenye nyumba hiyo kama ana bomba linalovuja.

Wewe ulipokwenda, nyumba iliendelea na vituko vyako. Upepo ulilichukua bati la jikoni na ugali ukiwa motoni. Kitanda kikatuangusha. Niliokota, nikafunga, nikafuta maji, nikapeleka watoto shule, nikachangia harusi na misiba ya kwenu kama vile upo. Hayo yote niliyaweza.

Kisha mdogo wake Tumaini, uliyemwacha hajatambaa, akashikwa na homa, mwili wote unatetemeka. Bodaboda ananisubiri nje, mtoto nimembeba mgongoni, na mlango haufunguki. Nilinyanyua kitasa, nikavuta, nikaweka mguu ukutani nikavuta tena, mtoto analia, mlango umeganda. Mlango uliotujua! Ilibidi nimpitishe mtoto dirishani, jirani akampokea, na mimi nikafuata kwa dirisha hilohilo, gauni likachanika mbele ya mtaa mzima. Mtoto alipona. Mimi siku hiyo ndiyo niliyoacha kukusubiri.

Nikamwita fundi. Aliutazama mlango, akacheka, akaniomba radhi kwa kucheka. Akaung'oa, akapiga randa, akafunga bawaba mpya. Mahindi niliyompikia hayajaiva, yeye kamaliza. Sasa Tumaini anaufungua kwa kidole.

Kwa hiyo njoo Krismasi. Watoto ni wako, watakuamkia, nimewafundisha adabu. Utakula wali na kuku, nitakupakulia mimi mwenyewe, na ukoo wako wote uone. Jioni utaondoka na mdogo wako ukalale kwake, kwa sababu kwangu hakuna chumba kinachoandaliwa. Nimeshamwambia hivyo, sijui kama alipata ujasiri wa kukufikishia.

Jambo moja nakuomba, kwa ajili ya heshima yako iliyobaki. Ukifika usianze yale mambo yako ya goti na bega, utaangukia sebuleni mbele ya watoto. Simama nje, bisha hodi, usubiri kujibiwa kama mgeni mwingine yeyote. Ulikuwa ukisema mlango huu unawajua wenyewe. Siku hizi ni kweli.

Safari njema, na hiyo mipira ya baiskeli ibaki huko huko.

Mimi,
Mama Tumaini, mwenye nyumba